Kilo Kumi na Mbili

Dada yangu, mkubwa wangu, uliyenifuta kamasi na kunifundisha herufi,

Pokea salamu zangu zote, hata zile nilizokunyima tulipokuwa wadogo. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linalia kama bawaba ya mlango, nikakushauri ulitie grisi, ukaninunia siku mbili. Na macho je? Kama bado unayo ile miwani yenye mguu mmoja wa chuma na mwingine wa uzi, ivae sasa hivi, maana mwandiko wangu unaujua. Mwalimu alisema kuku wanaandika vizuri kuliko mimi, tena kuku hawakufukuzwa darasa la nne. Mimi ni mzima kwa kipimo cha wazee: nalala, naamka, nakojoa kwa awamu.

Kabla hujaendelea nina ombi. Huyo mwanamke aliyekuletea bahasha humjui. Mpe kiti, si kile kigoda kinachoyumba, mpe kiti. Mpe maji ya kunywa, na usigeuze karatasi hii mpaka amalize bilauri. Najua unasema huyu mzee kaanza. Ndiyo, nimeanza, lakini fanya hivyo. Yeye ni nani nitakuambia nikifika chini.

Leo ni siku ya thelathini na nne tangu tumfukie Kiroboto. Naandika jina hilo ulilompa mwenyewe, kwa kuwa alizaliwa mwepesi hata mkunga akawa anamtafuta ndani ya nguo. Miaka thelathini na moja baadaye alikuwa bado hajui kutulia. Akiingia kwenye banda langu alirukia juu ya pipa la maji, akaning'iniza miguu, akaniuliza Mjomba Kutu umeamkaje. Kitinda mimba wako, dada. Na mimi nisiye na mtoto nilikuwa nimemwandikisha kuwa wangu bila kukuomba ruhusa.

Habari zilizonikalisha kuandika ni za ile karatasi uliyotia sahihi. Uliisaini siku ya tatu ya msiba, hujala, hujaoga, polisi amechuchumaa mbele yako na kalamu mkononi. Inasema mwanao aliuawa na kazi mbovu ya Cheche, yule mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara, aliyeunga fremu ya baiskeli yake mwaka jana ilipopata ufa. Baiskeli ilivunjika karibu na pale alipounga, basi watu wakaunganisha moja na moja. Waliivunja karakana yake siku ileile, mashine yake ya kuchomelea wakaitumbukiza mtaroni, na yeye mwenyewe yuko ndani mpaka leo. Tarehe kumi na saba unatakiwa uje useme hayohayo mbele ya hakimu.

Kabla hujasaini ulinigeukia. Uliniuliza, wewe ndiye fundi, ni kweli ndivyo ilivyokuwa? Nami nikakohoa. Ukakichukua kikohozi changu kuwa ndiyo, ukasaini. Dada, nimekohoa mara nyingi maishani, kwa tumbaku, kwa vumbi, kwa kuficha kicheko mazishini. Lakini kikohozi kile ndicho kimemweka mtu kwenye sakafu ya saruji siku zote hizi. Kwa hiyo kaa vizuri, nikupe habari yote tangu mwanzo, na safari hii nitajitahidi nisikohoe.

Unakumbuka bega lake lilivyotoka mwaka huu, alipomdaka mama mjamzito aliyezimia zahanati. Yule mama alikuwa na mwili wa watu wawili, ukiongeza na wa tumboni wanakuwa watatu. Bega likarudishwa, lakini daktari akamwandikia cheti kwamba asibebe kitu kinachozidi kilo kumi na mbili. Cheti hicho kikafika kwa muuguzi mkuu, mwanamke mwenye moyo safi na kichwa cha jiwe. Akamwita Kiroboto ofisini akamwambia mlimani basi, utakaa stoo unahesabu glavu.

Na mlimani ndiko yalikokuwa maisha yake. Kila Jumanne alipeleka chanjo kwa watu wa juu. Njia yenyewe unaijua kwa kusikia tu, acha nikuonyeshe. Unaendesha mpaka chini ya mwamba, halafu kuna ngazi mia mbili na arobaini zilizochongwa na watu wa bomba la maji, nyembamba, zimeliwa katikati. Hapo baiskeli inapanda begani. Kisanduku cha chanjo wenyeji walimpokea kwa furaha, wanagombania kukibeba, lakini baiskeli hakuna aliyeitaka. Walisema mtu akipandwa na baiskeli badala ya kuipanda yeye, huo ni mkosi. Juu kuna njia ya mgongo wa mlima, nyumba hapa, nyumba kule, mpaka jioni. Kisha anashuka kwa upande wa pili, mteremko wa kokoto, upepo masikioni. Aliniambia pale kwenye mteremko ndipo pekee duniani ambapo hakuna mtu anayemwita.

Basi akaja kwangu na kile cheti amekikunja kama tiketi. Akarukia juu ya pipa. Akasema, Mjomba, muuguzi mkuu amekubali jambo moja: nikimpelekea baiskeli yenye kilo kumi na mbili, si zaidi, akaipima kwa macho yake mwenyewe, ananirudishia mlima wangu. Nikamuuliza sasa ina ngapi. Akasema yeye hajui, yeye ni mtu wa sindano, mimi ndiye mtu wa vyuma. Nikamwambia ni rahisi, auze baiskeli anunue punda, atambeba yeye. Akasema punda tayari anaye, ila anaongea sana.

Mizani sikuwa nayo. Fundi baiskeli anapima kwa mkono na kwa maneno. Nikaikokota mpaka kwa Kisu Butu, muuza nyama wa pembeni, mwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya duara yenye mshale na kulabu. Watu walikuwa kwenye foleni. Nikaiinua ile baiskeli ya mlimani nikaitundika katikati ya paja la ng'ombe na utumbo, na Kisu Butu kwa uso mkavu akaniuliza nifungiwe mnofu au na mifupa. Foleni ikacheka. Nami nikacheka. Mshale ukasimama kwenye kumi na tano na robo tatu.

Nikaanza na yale ambayo hata wewe ungeyatoa. Stendi. Keria ya nyuma. Madigadi yote mawili. Kifuniko cha cheni. Kile kikapu cha waya. Tukafika kwenye kengele, akakataa. Alisema watoto wa kule juu wanaisikia toka mbali, wale waoga wanakimbia kujificha mvunguni na wale mashujaa wanakuja kupanga foleni, na yeye anapenda kujua mapema nani ni nani. Nikamwambia kengele ile ni ya chuma kizito, ya enzi ambazo watu walikuwa viziwi. Apige mluzi. Tukabishana mpaka soda zikaisha. Mwishoni akaifungua mwenyewe kwa spana yangu, akaiweka juu ya rafu kama mtu anayemlaza mtoto, akaniambia nisiiuze.

Siti yake ilikuwa ya springi, pana kama sinia. Nikampa nyembamba. Alipoikalia mara ya kwanza alisema sasa ameelewa kwa nini wanaoshindana hukimbia haraka vile: wanataka kufika washuke. Nikatoa gia mbili za mbele nikaacha moja. Nikabadilisha matairi, nikafupisha waya za breki, kila bolti iliyochungulia nje ya nati nikaikata kichwa. Kila nikitoa kitu, tunarudi kwa Kisu Butu, tunatundika. Mtaa mzima ukawa unafuata ile hesabu. Mama muuza mkaa akiniona ananiuliza mgonjwa amefika ngapi leo. Nikasema kumi na nne na nusu, akasema anamtakia kila la heri, yeye mwenyewe anajaribu tangu ujana hajapungua hata robo.

Tukafika kumi na tatu na nusu. Mshale ukagoma hapo.

Dada, hapo ndipo fundi mwenye akili anapoweka spana chini. Kila kilichobaki kilikuwa na kazi. Hakukuwa tena na mafuta, ilikuwa mifupa mitupu. Nilimwambia hivyo. Hakulia, si unajua hakuwa mtu wa kulia, ila aliteremka kwenye pipa taratibu, kwa mguu mmoja mmoja, kama mtu mzima. Aliniambia basi, Mjomba, si neno, glavu nazo zinahitaji mtu wa kuzihesabu. Akainua mkono kunipungia na bega lile likamkataa nusu ya njia.

Huko kuteremka kwake taratibu ndiko kulikonitia wazimu. Nikamwambia aniachie siku tatu.

Nikachukua drili. Bomba linaloshika siti nikalikata kwa chini na nililolibakiza nikalitoboa. Usukani nikaukata ncha zote mbili, nikautoboa kwa ndani ya mishikio ambako mtu haoni. Pedali nikazipunguza kwa tupa mpaka zikawa kama biskuti. Bado ilikuwa inapungua kidogo tu. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja kizito ambacho sikuwa nimekigusa: shingo ya uma wa mbele, yaani lile bomba nene la chuma linalopanda ndani ya fremu, chini limeshika uma na gurudumu, juu limeshika usukani. Ukiingiza ndani halionekani. Nikalichomoa. Nikatoboa matundu kumi na manne, saba huku, saba kule, nikalisugua kwa ndani mpaka likawa linaimba ukiligonga. Nikalirudisha na grisi tele. Tukatundika. Mshale ukasimama kwenye kumi na mbili, kama mtu aliyeitwa jina. Kisu Butu akasema hongera, umepata mnofu. Kiroboto alinibusu kwenye upara mbele ya foleni nzima, na mama muuza mkaa akasema yeye pia yuko tayari kutobolewa.

Siku ya pili yake akaipeleka zahanati. Akapanda Jumanne ile, na ya pili, na ya tatu. Jumanne ya nne, kwenye ule mteremko wa kokoto, shingo ya uma ikakatika. Wanawake waliokuwa wakichota maji walisema hawakusikia breki wala kelele, waliona tu mtu amebaki ameshika usukani mikononi na baiskeli imekwenda zake. Alipiga kichwa kwenye kingo za mfereji wa mawe. Kisha fremu nayo ikagonga, ikaachia pale alipounga Cheche. Kwa hiyo kiungo cha Cheche kilikatika baada, si kabla. Kazi yake ilikuwa nzuri. Tulikuwa tukitaniana naye kwamba siku baiskeli ile itakapooza, kiungo chake kitabaki peke yake barabarani kinatafuta pa kwenda.

Mpaka hapa, dada, labda unasema: mdogo wangu alijitahidi akakosea, mapenzi yalimzidi. Ningependa uishie hapo. Ningefunga bahasha sasa hivi nikaomba mhuri. Lakini nilisema sitakohoa.

Miaka kumi na moja iliyopita Kisu Butu alikuja kwangu na mizani yake, ile ile. Alikuwa na shida na maisha, na mimi nilikuwa na shida na nyama. Nikafungua kile kiduara, nikatoa springi, nikaipitishia tupa polepole mpaka ikalegea kiasi. Toka siku hiyo kila kilo nane zikasomeka tisa. Kila mwisho wa wiki nikawa napelekewa ini kwenye gazeti, na hata wewe ulipokuja kunitembelea ulilila, ukasema siku hizi mdogo wangu unajiweza. Nilicheka peke yangu. Nilijiona mjanja wa mtaa, nimewatia wote mfukoni, wenye foleni na wenye vyeti vya shule. Baada ya mwaka ini likakatika. Nikadhani ini lilipokatika na hila nayo imekatika, Kisu Butu amebadilisha springi. Kisha nikasahau, kama mtu anavyosahau jino lililong'olewa. Nimetundika baiskeli ya mwanao kwenye uongo wangu mwenyewe mara tisa, mbele ya watu, na sikuutambua uso wake.

Fanya hesabu, wewe uliyenifundisha. Ule mshale ulipogoma kwenye kumi na tatu na nusu, baiskeli ilikuwa na kilo kumi na mbili kamili. Tayari. Tulikuwa tumemaliza. Kila tundu nililotoboa baada ya hapo nililitoboa bure.

Nalo hilo si la mwisho. Hilo bado ni kosa la mtu mjinga, na ujinga umenifaa maisha yangu yote. Hili ndilo lenyewe.

Siku alipotoka zahanati alikuja mbio kwenye banda, anacheka hata hawezi kusema. Alisema mizani ya zahanati, ile inayopimia watu wazima, imesoma kumi na gramu mia saba. Muuguzi mkuu ameuliza kama mjomba ametoa na magurudumu. Nikacheka naye. Halafu nikashika spoku nikawa nachora vumbini, kumi na mbili, kumi na pointi saba, na kabla sijamaliza kuchora nilikuwa nimekumbuka springi, tupa, ini, kila kitu. Nilijua. Nilijua mizani inadanganya, nilijua ni kwa nini, na nilijua kuna matundu kumi na manne ndani ya shingo ile ambayo hayakuwa na kazi yoyote. Uma mzima, wa chuma kizima, ulikuwa unaning'inia ukutani nyuma yake. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini.

Yeye mwenyewe akanifungulia mlango. Akaniuliza, sasa kama imebaki nafasi ya zaidi ya kilo, Mjomba, si nirudishiwe kengele yangu? Nikamwambia ya nini kuongeza uzito. Kwa sababu ningeanza kurudisha kitu kimoja, angeuliza kwa nini tusirudishe na kingine, na ningelazimika kusema, na mtaa ungejua kwamba fundi wao anayewachekesha foleni ndiye aliyewapunja kwa miaka kumi na moja, mama muuza mkaa na wengine wote. Nikajiambia chuma ni chuma, kitashika. Nikajiambia nitaibadilisha wiki ijayo, nitatafuta kisingizio. Jumanne ya kwanza ikapita, nikasema unaona. Ya pili ikapita. Ya tatu sikuwaza hata kidogo, nilikuwa nacheza bao.

Siku ile waliponiita nilipanda kwa miguu yangu hii. Walikuwa wamemfunika shuka. Baiskeli ilikuwa upande mmoja na yeye upande mmoja. Dada, mimi nilikwenda kwanza kwenye baiskeli. Kile kipande cha shingo kilichokatika, kirefu kama kidole, chenye matundu, nilikiokota nikakitia mfukoni mwa koti. Kisha ndipo nikaenda kwa mtoto. Nilimshika mkono kwa mkono wenye grisi ya kipande kile. Nikaja nacho msibani. Nilipokohoa, kilikuwa mfukoni.

Juzi nilikipeleka kituoni. Askari wa kaunta alinisikiliza, akaniita babu, akaniambia wazee wakifiwa hujitwisha makosa ambayo si yao, nikapumzike. Ukitaka kujua umezeeka, nenda kakiri kosa uone unavyoshikwa bega kwa huruma. Nikarudi kwa Kisu Butu nikamwambia anipe mizani. Akakataa. Nikamwambia basi nitaieleza foleni hapahapa kwa sauti. Akaitungua mwenyewe. Nikaitundika kwenye nondo ya dirisha la kituo, nikaomba kitu chochote kilichofungwa kiwandani. Askari akatoa sukari yao ya chai, kilo mbili, haijafunguliwa. Mshale ukasoma mbili na robo. Akaitundika tena. Akaitundika mara ya tatu. Kisha akasema polepole kwamba mke wake hununua nyama pale. Hapo ndipo aliponivutia kiti.

Wameandika maelezo yangu. Wamechukua kile kipande, wamechukua mizani, na Kisu Butu yuko mbele ya daftari lao anatoa jasho. Mimi hawajanifungia, wamesema nisitoke mjini mpaka waniite, na ndiyo sababu haya nakuandikia badala ya kuja kuyasema nikiwa nimepiga magoti mlangoni kwako. Lakini Cheche hawajamwachia. Wanasema mlalamikaji ni mama wa marehemu, sahihi yake ipo, na maneno ya mzee mmoja mwenye msiba hayafuti sahihi ya mama. Mpaka wewe useme.

Nilipokuwa natoka kituoni nilikutana na mwanamke getini na bakuli la chakula limefungwa kwa kitambaa. Amekuwa akileta bakuli lile kila siku, siku zote hizi, na siku nyingine wanamrudisha nalo. Nilisimama mbele yake nikamwambia yote, kama nilivyokuambia wewe, ila kwa ufupi. Nilingoja matusi. Nilikuwa nayahitaji, kusema kweli. Hakunitukana. Aliweka bakuli chini, akaniuliza kama najua kuandika.

Ndiye huyo hapo kwako, dada. Ndiye mke wa Cheche. Amesafiri na barua asiyojua yote yaliyomo, kwa mwanamke anayemchukia mume wake. Nilikuomba umpe maji kwanza kwa sababu nakujua tangu tumbo moja: mtu akishakunywa maji ya nyumba yako huwezi kumfukuza. Huo ndio ujanja wangu wa mwisho, na huu nauungama siku ileile niliyoufanya, si baada ya miaka kumi na moja.

Andika mstari mmoja tu, umpe arudi nao kabla ya tarehe kumi na saba. Andika kwamba umemjua aliyefanya, na kwamba si Cheche. Utie sahihi ileile. Usiniandikie mimi. Andikia kituo.

Ndani ya mfuko wa huyo mwanamke kuna kengele, nimeifunga kwenye kitambaa isije ikalia njiani. Sikuiuza.

Wasalimu majirani wanaonikumbuka, na wasionikumbuka waambie wana bahati. Goti lile usilitie grisi, nilikuwa natania. Likande kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na usipande ngazi.

Ni mimi mdogo wako, uliyeniita Sikio la Kufa tangu nina miaka sita, na hukukosea,

Sikio